Mbegu Haishukuriwi

Hata kwenye msiba wake nilimwonea wivu. Niseme tu ukweli, maana umri niliofika si wa kujipaka poda. Nilifika Butiama saa nne asubuhi nikitokea Bunda, nimejifunga kitenge cheusi nilichokiazima kwa jirani yangu hapa Nyasura, mtaa wa Bunda ninakoishi, na kabla sijaliona hata jeneza nilikuwa nimeshaona wingi wa watu. Maturubai yamejaa, watu wamekaa mpaka kwenye mawe, wengine wamesimama kwenye migomba ya jirani. Nikajisemea moyoni: mimi nikifa hawatafika nusu ya hawa. Ndugu yangu amelala ndani hapumui, mimi nipo nje napima ukubwa wa msiba. Nyangeta alikuwa binti wa mama yangu mkubwa. Tulizaliwa mwaka mmoja, tukakulia kijiji kimoja kando ya ziwa, na tangu nilipopata akili ya kulinganisha vitu nilikuwa nikilinganisha vyake na vyangu.

Mchana tuligawiwa chakula, ugali wa mihogo uliochanganywa na mtama kidogo, na maharage. Nilikaa kwenye mkeka na akina mama wa hapo Butiama ambao hawakunifahamu. Mmoja, mnene mwenye sauti ya kanisani, alikata tonge akaliangalia kabla ya kulila. "Huu ugali wenyewe ni Nyangeta," akasema. Mwenzake akamuuliza kama ni wa kutoka shamba la marehemu. "Siyo shamba, mbegu. Hii mbegu huku tunaiitaga Nyangeta. Haina uchungu, na ukiiacha miaka miwili haiotagi nyuzi ndani." Kisha akanigeukia. "Wewe dada unatokea wapi?" Nikamwambia Bunda, lakini kwetu hasa ni kule ziwani. "Aa, basi hata nyie mnayo. Si yeye ndiye aliyewapelekea mwaka ule wa njaa?" Nikaitikia kwamba tunayo, nikaendelea kutafuna. Watu wengine wakifa wanaacha nyumba, wengine wanaacha watoto, na yeye pamoja na hivyo vyote ameacha jina linalochemka kwenye vyungu vya watu wasiomjua. Niliutafuna ule ugali wote mpaka mwisho, maana ulikuwa mtamu, na hilo nalo liliniudhi.

Mwaka aliousema yule mama ndio mwaka alipokuja Mwekezaji. Jina lake halisi nimelisahau, na hata tungekuwa tunalijua tusingeliita. Alikuwa Mwekezaji tu, na gari lake lilikuwa gari la Mwekezaji, na bonde letu, lile tulilokuwa tukipanda viazi vitamu na kuchungia ng'ombe maji yakipungua, likawa bonde la Mwekezaji baada ya mkutano mmoja wa kijiji ambapo tuliahidiwa ajira, kisima na madarasa mawili. Alitaka kupanda mbono. Mbegu zake zinakamuliwa mafuta, na mafuta hayo, tuliambiwa, yangesafirishwa hadi kwao yakaendeshe magari. Wazee waliuliza kama yanafaa kukaangia samaki. Wakaambiwa hapana, ni sumu. Wakacheka, wakapiga kura ya ndiyo.

Ofisi yake ilikuwa nyumba ya kupanga hapa hapa Nyasura. Leo ni saluni, na kila nikipita kwenda sokoni nachungulia ndani kana kwamba nitaiona ile meza. Siku ya usaili tulikwenda wasichana wengi lakini tulioitwa chumba cha ndani tulikuwa mimi na Nyangeta. Chumba kilinuka rangi mpya. Kulikuwa na feni, na chai ya maziwa ya unga kwenye vikombe vyeupe, na sahani ya biskuti ambayo niliikwepa kwa adabu huku Nyangeta akichukua mbili. Juu ya meza palitandazwa picha kubwa iliyopigwa kutoka angani. Ilikuwa nchi yetu, ziwa likiwa jeusi pembeni, na yapo mawe makubwa matatu yaliyoegemeana ambayo niliyatambua papo hapo: ni mawe ya shambani kwa mama yangu, tunapoanikia udaga, mihogo ya kusaga unga. Mwekezaji akaweka kidole pembeni mwa mawe yale na kuniuliza hapa pana nini. Nikaangalia. Ilikuwa ni mihogo yetu ya mwaka wa pili, imefunikwa na nyasi kwa sababu mihogo ya mwaka wa pili haipaliliwi tena. Lakini niliona aibu kumwambia mtu mwenye feni kwamba yale majani ni shamba. Nikamjibu kwa Kiingereza changu kizuri, mimi niliyekuwa wa kwanza darasani: hilo ni pori tu, bwana. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaandika. Kisha akamuuliza Nyangeta swali lile lile, na Nyangeta, na Kiingereza chake cha kuokoteza, na makombo ya biskuti mdomoni, akasema, "Hiyo ni chakula. Iko chini."

Kazi akapewa yeye. Mwekezaji alihitaji mtu wa kumpitisha mashambani, siyo mtu wa kumwitikia. Lakini mimi wakati ule sikuliona hivyo. Niliona nimeibiwa. Mimi nilikuwa wa kwanza, yeye wa kumi na kitu, na sasa yeye ndiye alikuwa akipita barabarani kila asubuhi, amekaa siti ya mbele kwenye pikapu nyeupe, daftari mapajani, miguuni amevaa mabuti ya kijani yanayofika magotini. Watu walimwita Bibi Shamba kwa utani na yeye akaupokea utani. Nilikuwa nikisikia muungurumo wa gari lile nikiwa jikoni na napajua pale ambapo dereva hupunguza mwendo kwenye daraja, na hapo hapo mkono wake ulikuwa unatoka dirishani kunipungia. Sikuwahi kumpungia. Nilikuwa najifanya nimeinama napuliza moto. Jioni mama mkubwa alikuwa akija kwetu kuomba chumvi ambayo hakuwa ameishiwa, ili tu asimulie kwamba mwanawe huko ofisini anakula kuku mchana, tena mchana wa siku ya kazi. Mama yangu alikuwa anacheka kwa furaha ya kweli kabisa, na mimi namwangalia mama na kushindwa kuelewa moyo wake umetengenezwa na nini.

Nikaamua kumpita kwa njia nyingine. Kampuni haikuishia bondeni. Ilitaka pia wakulima wa mkataba, watu wa kupanda mbono kwenye mashamba yao wenyewe, na katika kila kijiji ilichagua shamba darasa ambalo wengine watakuja kujifunzia. Mwenye shamba darasa angewekewa kibao chenye jina lake, angepigwa picha na Mwekezaji, na kila mwezi angepewa unga wa mahindi wakati akisubiri mbono izae. Nilikiona kile kibao usingizini. Kilichobaki kilikuwa kumshawishi mama ang'oe mihogo. Hapo ndipo pagumu, kwa sababu mama hakuwa na kihenge cha kuwekea nafaka. Mihogo ndiyo ilikuwa kihenge chake. Ilikaa ardhini mwaka wa kwanza, mwaka wa pili, hata wa tatu, naye alichimba pale alipohitaji, shina moja leo, mashina matatu kukiwa na wageni, na mabua aliyapanda tena siku hiyo hiyo. "Perisi," akaniambia, "muhogo hauozagi kama hujauchokoza. Sasa mimi nitauchokoza wote kwa ajili ya nini?" Nikamwambia habari za sembe nyeupe. Nikamwambia kwamba mihogo ni chakula cha watu waliokata tamaa. Na kwa kuwa tulikuwa tumeshaanza kula sembe kwa majirani waliosaini mapema, na sembe ukiizoea mwezi mmoja unaanza kuuona ugali wa mihogo ni mweusi, mama akanyamaza. Kunyamaza kwake nikakuhesabu kuwa ni ndiyo.

Nyangeta alikuja siku mbili kabla ya kung'oa. Ilikuwa jioni, bado kuna jua, na tulikuwa jikoni tunakula samaki wa kuchemsha, ningu. Alivua mabuti mlangoni, akayapanga sawasawa, akaingia na soksi zake, akanawa, akakaa kwenye kigoda cha mama kama alivyozoea tangu utotoni. Alikula kwa pupa. Kumbe huyu wa kuku wa mchana ana njaa, nikawaza, nikafurahi. Alipomaliza akalamba kidole, akasema kwa sauti ndogo, hamwangalii yeyote, "Mama mdogo, msing'oe yote. Acheni kale kashamba ka upande wa mawe. Mama nimemwambia naye aache ka kwake."

"Kwani kuna nini?" mama akauliza.

"Sijui. Nawasikiaga tu wakiongea kwenye simu. Hawaelewani na watu wao wa kule. Na hiyo mbono yenyewe, kitalu chote kimenyauka, mimi ndiye naandika. Unga wakikata mtakula nini?"

Maneno haya leo nikiyakumbuka naona ni ya ndugu. Siku ile nilisikia kitu kingine kabisa. Nilisikia mtu aliyepanda ngazi akaanza kuivuta. "Wewe umeshakaa siti ya mbele," nikamwambia, "unataka sisi tusipande hata kule nyuma? Sema tu unataka shamba darasa liwe la kwenu." Mama akasema, "Perisi!" Nyangeta alinitazama kidogo, akamwangalia mama, akatoka, akavaa mabuti yake, la kulia kwanza halafu la kushoto, polepole. Alipofika kwenye njia akageuka na kusema, "Basi angalau msichome mabua." Na mimi hata hilo nililitilia shaka, kwa sababu sharti la kwanza la shamba darasa lilikuwa usafi, mabua yote yachomwe ili yasiambukize ugonjwa wa batobato.

Kesho yake nilipanda gari kwenda Bunda. Nilibisha hodi kwenye chumba cha feni nikamwambia Mwekezaji kwamba msichana wake anazunguka vijijini kuwaambia wakulima wasing'oe mihogo, na kwamba amemwambia mama yake mzazi asing'oe. Sikudanganya hata neno moja. Ndilo linaloniuma mpaka leo. Ningedanganya ningekuwa na uongo wa kutubu. Mimi nilisema ukweli, na niliusema kwa wivu. Mwekezaji alinishukuru, akanipa biskuti, na safari hii nikachukua.

Tuling'oa kwa siku nyingi, na majirani walikuja kutusaidia kama ilivyo desturi. Tukamenya, tukavundika, tukaanika, mpaka yale mawe matatu yakawa meupe juu hadi chini na kijiji kizima kikanuka udaga. Kisha watu walipoona kwa mama Perisi, mwanamke asiyependa haraka, wamefagia shamba lote, nao wakarudi kwao wakafagia. Alikuja Bi Mwanahawa, mfanyabiashara wa Musoma mjini, ambaye mama yake na bibi yake walikuwa wakinunua udaga wa pande zetu tangu enzi za mitumbwi ya tanga. Alishuka kwenye lori na baibui lake lililojaa vumbi, akachukua kipande kimoja, akakivunja sikioni asikie kinavyolia, akatosheka. Kisha akatazama shamba. "Mama Perisi, mbona yote? Mwakani mtaniuzia nini?" Nikamjibu mimi, kabla mama hajafungua mdomo: mwakani tutakuwa na pesa, Bibi. Akanitazama kwa huruma fulani hivi. "Haya mwanangu. Ila pesa haisongwi ugali." Lori lilipoondoka tulikusanya mabua katikati ya shamba. Mama aliniachia kiberiti mimi, akaingia ndani.

Nyangeta aliachishwa kazi wiki ile ile, na mimi nikapewa nafasi yake, na mabuti yake. Yalinibana. Nilikutana naye njiani, yeye akirudi kwao kwa miguu, mimi nikiwa nimeyavaa, na nilitamani ardhi inifunike. Alitazama miguu yangu, kisha uso wangu. "Yatie majivu kidogo," akasema, "yanatoaga jasho." Akapita. Nilijishawishi kwamba hajui nani aliyemsema, na nikaishi na imani hiyo kwa raha zote. Mwezi uliofuata alihamia Butiama kwa shangazi yake, na huko ndiko alikoolewa. Mimi nikakaa siti ya mbele. Mnataka kujua kulikuwaje? Kioo kilikuwa na ufa uliokatiza katikati, vumbi liliingia kote kote, na dereva alikuwa mtu wa kunung'unika. Kuku wa mchana alikuwepo kweli, wa kununua mgahawani, mkavu. Nilimla kila siku kwa kumkomoa mtu ambaye hakuwepo.

Mvua za mwaka ule zilikuja kidogo zikaondoka. Mbono za shamba darasa zilisimama na majani mawili mawili. Unga ukaja nusu, halafu haukuja. Asubuhi moja nikasimama barabarani na mabuti yangu nikisubiri pikapu mpaka jua likawa kali, kisha nikapanda basi mwenyewe hadi Nyasura. Mlango ulikuwa wazi, mzee wa kulinda nyumba anafagia. "Wameondoka juzi, mama. Hata mimi hawajaniaga." Feni ilikuwa imeng'olewa. Picha ya angani ilibaki, imebandikwa ukutani kwa misumari, na pembeni ya mawe yetu matatu palikuwa na neno moja la Kiingereza kwa kalamu nyekundu. Lilikuwa neno langu. Pori.

Sasa lilikuwa pori kweli. Njaa ya mwaka ule haikuwa ya kufa mtu, ilikuwa ya kumdhalilisha mtu. Ziwa lilikuwa limejaa samaki mbele yetu na sisi tuna njaa, kwa maana mtu wa kwetu akila sangara mzima bila ugali anaamka akisema hajala. Tulipika mlenda, tukapika maembe mabichi, tukaangalia mbono ambazo hata mbuzi walizipita. Kule kwa mama mkubwa kale kashamba kalikoachwa kalidumu wiki chache tu. Watu walikuja kuomba, kisha wakaja bila kuomba, mihogo ikang'olewa michanga, na mabua yakaliwa na ng'ombe waliokosa bonde la kuchungia. Mimi nilikwenda Musoma kufanya kazi kwenye duka la Bi Mwanahawa. Nililala chumba cha uani nyumbani kwake Buhare, na mchana nilikaa nyuma ya magunia nikisikiliza. "Udaga wa ziwani umekwisha kabisa?" "Kabisa. Wameng'oa." "Wameng'oa wakaweka nini?" "Miti ya mafuta." "Ya kula?" "Ya magari." Halafu kicheko, halafu mtu anaulizia bei ya udaga ulioletwa kutoka mikoa ya mbali, anaondoka na mfuko wake mtupu. Walikuwa watu wa mjini, wasiojua mawe yetu wala mama yangu, na njaa yao ilikuwa imeanzia kwetu. Bi Mwanahawa hakunisimanga hata siku moja. Alinipakulia wali kwenye sahani moja na watoto wake, na kila nilipoinua tonge nilikumbuka kwamba mama siku hiyo labda anakunywa uji wa chumvi.

Mvua zilizofuata zilipokaribia, shida haikuwa tena chakula, ilikuwa mbegu. Pingili ya muhogo hupatikana kwenye muhogo, na mihogo hatukuwa nayo, si sisi wala majirani. Nilikuwa nimerudi kumsalimia mama siku aliyofika Nyangeta. Alikuwa ametoka Butiama na basi hadi njia panda, na kutoka hapo amekodi baiskeli, matita ya mabua ya mihogo yamefungwa kwa katani, ncha zimeviringishwa gunia lenye maji. Alikuwa mjamzito. Kabla ya kwenda kwa mama yake mzazi alianzia kwetu. Akatua tita mbele ya mama, na mama akalipokea kwa mikono miwili na kusema tu, "Umefika salama?" maana kwetu mbegu haishukuriwi. Bibi yetu alitufundisha hivyo tukiwa wadogo: ukishukuru umeifanya zawadi, na zawadi ina mwenyewe, na mbegu yenye mwenyewe haioti. Nilisimama pale mlangoni. Mama hakushukuru akiwa na machozi shavuni. Mimi sikushukuru nikiwa na nafuu, kwa sababu mila ilikuwa imenipa ruhusa ya kunyamaza, na ndani ya ukimya ule nikaficha na yale mengine yote. Nyangeta akaniuliza, "Musoma hawajambo?" Nikasema hawajambo. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu.

Mama alisambaza mbegu ile kwa yeyote aliyeomba, na miaka miwili baadaye mawe yetu yakawa meupe tena. Mimi niliolewa Bunda. Nyangeta na mimi tulikutana kwenye harusi na misiba, tukasalimiana vizuri, tukaulizana watoto. Nikisikia amechaguliwa kiongozi wa kikundi cha akina mama Butiama, nauliza kikundi chenyewe kina watu wangapi. Nikisikia mwanawe amefaulu, nauliza kafaulu kwa alama ngapi. Miaka yote hiyo ningeweza kusema lile neno, na miaka yote hiyo nilijiambia kuna mwiko. Mwiko ulikuwa wa mbegu tu. Kuomba radhi hakuna aliyekukataza.

Tulimzika saa tisa. Watu walipoanza kutawanyika nikatafuta kiatu changu nitoroke, ndipo akanijia binti yake wa kwanza, Eliza, yule aliyekuja kwetu tumboni. Ana mwendo ule ule wa mama yake, na mikononi alikuwa na tita dogo la pingili, limefungwa kwa katani, chini gunia bichi.

"Mama mdogo Perisi?"

"Ndiyo mimi, mwanangu. Pole."

"Nimeshapoa. Mama aliniachia maneno yako. Alisema ukija nikukatie hizi. Alisema mihogo yako ya Nyasura imezeeka, haizai tena."

"Alijuaje?"

"Akipitaga na basi kwenda Mwanza alikuwa anachungulia." Wale akina mama wa mkekani walikuwa wamesogea kusikiliza, yule mnene akiwa mbele. Eliza akatabasamu na macho yake yaliyovimba. "Akasema kwako lazima ziote, maana wewe hujawahi kushukuru hata kwa bahati mbaya." Wakacheka wote, na mimi nikacheka, maana ilikuwa sauti yake kabisa. "Halafu akasema nikuulize kitu, mimi hata sikukielewa. Yale mabuti, yalikutosha?"

Basi alijua. Alijua siku ile njiani aliponiambia nitie majivu, alijua alipotua tita mlangoni kwa mama akiwa na ujauzito wa huyu Eliza, na alijua kwenye kila harusi aliponiuliza watoto hawajambo. Miaka yote nimemwonea wivu kwa gari, kwa kuku, kwa wingi wa watu, kumbe alikuwa na kitu kimoja tu cha kuonewa wivu na sikuwahi hata kukiona.

"Yalinibana," nikamwambia mtoto.

Nikalipokea tita. Mdomo ulinijaa neno na macho ya akina mama wale yalikuwa juu yangu. Nikalegeza katani, nikachomoa pingili moja, moja tu, nyingine nikamrudishia Eliza azishike kidogo. Nikaishika ile moja kwa mikono miwili, nikageukia kaburi lililokuwa bado bichi, nikasema kwa sauti, "Asante, Nyangeta. Nisamehe." Yule mama mnene akaguna, "We dada! Umeshaiua hiyo." Nikamwambia najua.

Hizo nyingine nimezipanda nyuma ya jiko, hapa Nyasura. Ile moja nayo nimeipanda, pembeni, peke yake. Leo ni wiki ya tatu na wenzake wote wameshatoa majani. Kila asubuhi, kabla sijawasha moto, naanzia kwa hiyo moja.